Chakula cha kipupwe: maswali kuhusu makande, mtori, supu ya makongoro na uji

Maswali haya ni ya wanaopikia familia mahali ambapo Juni hadi Agosti koti halivuliwi: Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto, migombani Marangu, na kwa upande wa Kenya kule Limuru, Nyahururu na Kinangop. Mwishoni kuna maneno machache kwa walio Ulaya na Marekani. Kikombe tunachotaja ni cha mililita 250.

Chakula cha baridi kinatofautianaje na cha kawaida?

Hakihitaji mafuta mengi, ingawa wengi ndivyo wanavyodhani. Kinahitaji mchuzi na muda. Chakula kikavu, kama wali mtupu au nyama ya kukaanga, hupoa kabla hujafika nusu ya sahani. Chenye majimaji mazito, yaani makande, mtori, supu au uji, hushika joto muda mrefu zaidi. Ndiyo maana vyakula vya milimani karibu vyote ni vya sufuria moja.

Kwa nini maharage yaleyale yanachelewa kuiva Njombe kuliko Dar es Salaam?

Kwa sababu ya mwinuko. Dar maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kadiri unavyopanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300, hivyo kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hapo hata ukichochea moto mpaka jiko liwe jekundu, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka tu, na mkaa unaisha. Aliyezoea kupika maharage Dar kwa saa moja na nusu ajiandae kwa saa mbili na nusu au tatu.

Dawa yake ni sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa, maji hupita nyuzi 110 hata mlimani, na maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya dakika 25 hadi 35 tangu presha ianze kupiga. Usiijaze kupita nusu unapopika nafaka kavu, kwani maganda na povu huziba tundu la mvuke.

Nataka makande ya watu sita. Vipimo?

Mahindi makavu yaliyokobolewa vikombe 2, maharage kikombe 1. Kitunguu kikubwa 1, nyanya 2, karoti 1, hoho 1, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi. Ukipenda, tui zito la nazi 1.

Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja chombo chake, maji yapite juu kwa vidole vitatu. Asubuhi mwaga maji yote mawili. Bandika mahindi kwanza kwa maji lita 3, moto mkali mpaka yachemke, kisha wa wastani, kifuniko kikiachwa wazi kidogo. Wakati huohuo chemsha maharage pembeni kwa moto mkali dakika 10, mwaga maji hayo. Mahindi yakishachemka saa moja na nusu, changanya.

Kutoka hapo usihesabu saa, tafuna. Chukua punje moja ya hindi uivunje kwa meno. Ukiona katikati kuna kiini cheupe kama chaki, bado. Punje iliyoiva ni ya rangi moja hadi ndani na inapasuka bila kukwama kwenye jino. Maji yakipungua ongeza ya moto; ya baridi yanakatisha mchemko na kurudisha kazi nyuma.

Kaanga kitunguu, karoti na hoho pembeni, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, ndipo umimine kwenye makande yaliyokwisha kuiva. Acha yatokote dakika 15. Tui linaingia mwisho kabisa.

Mahindi yakobolewe au yapikwe na ganda?

Githeri ya Kenya ya kati kwa kawaida hupikwa na ganda, hasa mahindi yakiwa mabichi au nusu makavu. Makande ya Upareni na Tanga ni ya mahindi yaliyotwangwa, na Wakamba wana muthokoi, ambayo nayo hutolewa ganda. Kwa mahindi makavu kabisa tunashauri yakobolewe: ganda halilainiki hata ukipika kutwa, na tumbo la mtoto haliliwezi. Ukitwanga mwenyewe, nyunyizia maji kidogo kabla ya kuanza, twanga kwa mapigo mafupi mpaka ganda liachie, kisha pepeta kwa ungo. Bila unyevu punje inapasuka na unapata chenga.

Nimechemsha masaa manne na maharage bado ni mawe. Nimekosea wapi?

Mara nyingi kosa ni la gunia, si lako. Maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja, hasa mahali penye joto na unyevu, hubadilika ndani na hayalainiki tena hata uyaloweke siku mbili. Unapoyanunua tazama ngozi: mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na mengi yana mikunjo.

Sababu ya pili ni nyanya au ndimu kutiwa mapema. Asidi huzuia ukuta wa punje kulainika, na maharage yatabaki hapo yalipo. Ya tatu ni maji magumu ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Hapo tumia maji ya mvua.

Chumvi ya kawaida husingiziwa bure. Kijiko cha chakula kwenye maji ya kulowekea hulainisha ngozi na maharage hayapasuki sana. Ubaya wake ni mwingine: ukitia kiasi kamili mwanzoni, maji yakipungua chakula kinakuwa chumvi tupu.

Na magadi?

Yanasaidia kweli, tena haraka. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage inatosha. Ukizidisha, maharage yanavurugika, mchuzi unakuwa na utelezi na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea kwa wingi. Mwenye sufuria ya presha hayahitaji.

Ni kweli maharage mekundu yana sumu?

Yakiwa mabichi au nusu mabichi, ndiyo. Yana lektini, na punje chache tu zinatosha kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya masaa machache. Kuloweka, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwa mchemko wa nguvu dakika 10 kunaimaliza. Mlimani ziwe dakika 30. Hatari iko kwenye joto la kusuasua: maharage yaliyokaa siku nzima kwenye nyuzi 70 au 80 yanaweza kulainika huku lektini ikiwa bado ipo.

Makande yameshika chini. Yanaokolewa?

Ndiyo, ukiacha mwiko mezani. Ipua mara moja, usikoroge, usikwangue. Teka ya juu kwa upawa uhamishie sufuria nyingine, acha tabaka la chini lilivyo. Onja, kama harufu ya moshi haijapanda juu, ongeza maji ya moto na uendelee. Ukikoroga umekwisha, ladha ya kuungua inaenea sufuria nzima na hakuna kiungo kinachoificha.

Tui limekatika, mafuta upande wake na maji upande wake.

Limechemka kwa nguvu. Chakula bado kinafaa kuliwa, sura ndiyo imeharibika. Safari nyingine tumia tui jepesi kumalizia kupikia, kisha punguza moto, mimina tui zito, koroga upande mmoja taratibu, na uipue mara tu linapoanza kutoa mapovu ya pembeni.

Mtori unataka ndizi gani?

Mshare. Ndiyo ndizi ambayo Wachaga wenyewe huichagua kwa mtori, kwa sababu inavurugika vizuri bila kuacha nyuzi. Ukiikosa, ndizi ya kupika ya Bukoba, au matoke kwa walio Nairobi na Uganda, inakubali. Iwe imekomaa lakini bado ya kijani kibichi. Changa ina utomvu na uchungu. Iliyoanza kupata manjano inatoa mtori mtamu kama wa kitindamlo.

Kwa watu wanne hadi watano: ndizi kilo 1 kabla ya kumenya, nyama yenye mifupa nusu kilo (kidari au ubavu), maji lita 2, kitunguu 1, karoti 1, siagi kijiko kimoja cha chakula au maziwa nusu kikombe. Chemsha nyama kwa chumvi kidogo saa moja na nusu mpaka iachie mfupa. Itoe, chambua, kata vipande vidogo. Kwenye supu ileile tia ndizi, kitunguu na karoti, funika, dakika 25 hadi 30. Ndizi ikikatika kwa mgongo wa mwiko, ponda palepale ndani ya sufuria. Rudisha nyama, acha dakika 10 kwenye moto mdogo, malizia kwa siagi au maziwa. Mtori haunenepeshwi kwa unga; ndizi yenyewe inatosha.

Mtori wangu unakuwa mweusi.

Ndizi zilikaa hewani baada ya kumenywa. Menya na uzitumbukize papo hapo kwenye maji yenye kipande cha ndimu, na zisuuze kabla ya kupika. Kisu cha chuma cha kawaida na sufuria ya chuma isiyopakwa huzidisha weusi. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakaa kwenye vidole siku mbili.

Umekuwa mzito kama ugali.

Mtori huendelea kukaza unavyopoa, kwa hiyo uipue ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka mezani. Uliokwisha kukaza unalegezwa kwa supu ya moto, upawa mmoja mmoja. Maji ya baridi yanaacha mabonge.

Makongoro yanaandaliwaje?

Hapa ndipo watu hukata kona, na supu inawaumbua kwa harufu.

Nunua mguu mmoja wa ng'ombe, mwambie muuza nyama aupasue vipande sita hadi vinane. Msumeno ni bora kuliko panga kwa sababu panga linaacha vichenga vya mifupa. Kama una manyoya, babua kwenye moto wazi mpaka ngozi iwe na rangi ya kahawia, kwangua kwa kisu, sugua kwa brashi na maji ya moto. Pekua kati ya kwato. Uchafu mwingi unajificha hapo. Osha mpaka maji yawe safi, na upapase kwa vidole kama kuna vichenga.

Chemsha dakika 10, mwaga maji hayo yote na povu lake, osha sufuria. Hili ndilo linalotenganisha supu safi na ile inayonuka zizi. Bandika upya kwa maji lita 4, yakichemka punguza moto mpaka mapovu yapande moja moja. Kwenye jiko la mkaa funga mlango wa hewa na funika makaa kwa majivu. Masaa manne hadi matano, zaidi kidogo mlimani. Kwa presha ni saa moja na nusu. Kipimo ni ngozi: ukiibana kwa kijiko ikatike bila kuvutika.

Tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na pilipili manga ziingie nusu saa ya mwisho, maana zikipikwa masaa matano harufu yake yote inaishia hewani. Chumvi nayo mwisho. Ndimu ikamuliwe kwenye bakuli, si kwenye sufuria.

Asubuhi nimekuta supu imeganda, inatikisika. Imeharibika?

Hapana, hiyo ni sifa. Ngozi na kano za mguu zina kolajeni, na moto wa polepole unaigeuza jelatini ambayo baridi huigandisha. Ikirudi jikoni inayeyuka. Supu ya makongoro isiyoganda kwenye baridi ya Julai ama iliwekwa maji mengi mno ama haikupikwa vya kutosha. Iliyoharibika utaijua kwa uchachu, mapovu au utelezi wa nyuzinyuzi.

Mafuta ya mbuzi yanaganda mdomoni kabla sijamaliza kula.

Mafuta ya mbuzi na kondoo huganda kwenye joto la juu kuliko ya kuku. Engua ya juu kabla ya kupakua, au pika nyama jana yake, iache ipoe, uondoe tabaka jeupe kwa kijiko. Halafu pasha vyombo: mimina maji yaliyochemka kwenye bakuli na kwenye hotipoti, acha dakika tano, mwaga, futa, pakua. Ugali uliowekwa kwenye hotipoti ya baridi hutoa joto lake la kwanza kupasha hotipoti.

Mukimo wangu unavutika kama gundi.

Viazi vilipondwa vikiwa vimepoa, au kwa mashine. Kwa kilo 1 ya viazi tumia mahindi yaliyochemshwa vikombe 2 na fungu moja la majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto dakika moja viazi vikauke, ponda vikiwa bado vya moto kwa mwiko mzito. Wanaotumia thabai, majani yanayowasha yakiwa mabichi, badala ya majani ya maboga wavae glovu au mfuko wakati wa kuchuma. Mchemko wa dakika chache unaondoa mwasho. Msichanganye na upupu, ambao hauliwi hivyo.

Uji wa ulezi usiwe na mabonge, nifanyeje?

Kikombe 1 cha unga kwa vikombe 6 vya maji. Koroga unga na vikombe 2 vya maji baridi, mimina kwenye vikombe 4 vinavyochemka huku ukikoroga bila kuacha mpaka uchemke tena, kisha moto mdogo dakika 15 hadi 20. Unga mkavu ukigusa maji ya moto, nje inaiva papo hapo na kufungia unga mkavu ndani. Hilo ndilo bonge. Ukiwa na kimea cha ulezi, tia kijiko kimoja uji ukiwa umepoa kidogo: unalegea, kwa hiyo unaweza kumpa mtoto uji wenye unga mwingi zaidi bila kumkaba. Uchemshe tena kabla ya kumpa.

Uji wa kuchachusha umegoma kuchacha.

Baridi imevilaza vijidudu vinavyouchachusha. Unga na maji ambavyo Mombasa vingekuwa tayari kwa siku moja, Limuru mwezi Julai vinaweza kutaka tatu. Tumia maji vuguvugu, ongeza nusu kikombe cha uchachu wa safari iliyopita, zungushia blanketi, weka karibu na mafiga. Harufu iwe ya maziwa mgando. Ukiona ukungu wa kijani au wa waridi, mwaga wote.

Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani likatokosa makongoro usiku huku likitupa joto?

Usifanye hivyo kabisa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila kipupwe huua watu waliofunga madirisha wakalala. Majivu juu ya makaa hayaizuii. Tumia kapu: kapu kubwa lenye kifuniko, lililotandikwa nguo za zamani au foronya zilizojazwa pamba pande zote. Chemsha maharage kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imejaa angalau theluthi mbili, funika, tumbukiza kapuni, ziba kila upenyo kwa masaa manne hadi matano. Kisha rudisha motoni yachemke tena kabla ya kula. Kapu linaokoa mkaa na halimwui mtu.

Si baridi inatosha? Kwa nini nisiache makande mezani mpaka kesho?

Nje kunaweza kuwa na nyuzi 6, lakini jiko lenye mafiga ya moto lina 20 na kitu, na sufuria iliyojaa hukaa vuguvugu usiku mzima. Hiyo ndiyo hali bakteria wanayoipenda. Ndani ya saa mbili gawa kwenye vyombo vya kina kifupi, vipoe upesi, uviweke mahali pa baridi zaidi palipofunikwa, na asubuhi uchemshe kabisa, si kupasha juu juu. Yenye tui huanza kuchacha kabla ya mengine.

Niko Ulaya. Mahindi na ndizi nitapata wapi?

Maduka ya vyakula vya kusini mwa Afrika huuza samp, mahindi meupe yaliyokobolewa na kuvunjwavunjwa. Yanafaa makande na yanaiva haraka kidogo. Maduka ya Kimeksiko yana hominy, ambayo imepitishwa kwenye chokaa, hivyo ladha inatofautiana kidogo. Ya kopo imekwisha kuiva, itie maharage yakishalainika. Mahindi ya bisi msijisumbue nayo.

Kwa mtori, ndizi za kawaida za kijani, zile ambazo zingeachwa ziive, ni bora kuliko plantain, ambayo ina wanga mgumu na mtori wake unakuwa wa mabonge. Miguu ya ng'ombe ipo kwenye maduka ya Wakaribi.

Na wenye sufuria za umeme za kupika polepole: chemsheni maharage mekundu jikoni kwanza, dakika 10 kamili, ndipo muyahamishe. Sufuria hizo nyingi ndizo zenye lile joto la kusuasua tulilolitaja. Aliye Denver, penye mita 1,600 hivi, afuate muda wa mlimani. Aliye London au Amsterdam afuate wa Dar.

Chai ya maziwa inakatika kila nikitia tangawizi.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto mkali ndio unaokiua. Ponda tangawizi, ichemshe kwenye maji pamoja na majani ya chai kwa dakika 5 nzima, ndipo umimine maziwa. Yakikatika hata hivyo, maziwa yalikuwa yameanza kuchacha.